Nyota zikivutika: kuweka kiegemeo cha darubini kwa picha za anga na kutafuta kosa lilipo

Kamera ikikaa wazi dakika tano, chochote kinachotikisika chini yake huingia kwenye picha: udongo unaotitia, waya unaovuta, gia isiyoshika vizuri. Anga huhama kwa sekunde za tao 15 hivi kila sekunde ya saa (digrii moja ina sekunde za tao 3600), na kiegemeo cha ikweta, yaani kile chenye mhimili unaoelekezwa kwenye ncha ya anga (mahali ambapo nyota zote huonekana kupazunguka), kinatakiwa kulifuata kwa mwendo huohuo bila kuyumba. Kwa hiyo anza kwa kujua kiasi cha kuyumba ambacho kamera yako itakiona. Zidisha ukubwa wa pikseli, kwa mikromita, mara 206.265, kisha gawanya kwa urefu wa fokasi kwa milimita. Pikseli za 3.76 kwenye darubini ya milimita 400 zinatoa sekunde za tao 1.94 kwa kila pikseli. Kwenye darubini ya milimita 1200 kamera hiyohiyo inashuka hadi 0.65, yaani kosa lilelile linaonekana mara tatu zaidi. Anayeanza na darubini fupi anajiokolea usiku mwingi wa kuhangaika.

Uzito nao uhesabiwe mapema. Kilo zilizoandikwa kwenye kasha mara nyingi ni za mtu anayetazama kwa jicho. Kwa picha, usivuke nusu hadi theluthi mbili. Kiegemeo cha kilo 15 kibebe 8 hadi 10: darubini, kamera, darubini ndogo ya kuongozea, pete na waya zake zote. Vyuma vya kusawazisha havimo kwenye hesabu hiyo.

Miguu, pimamaji na umeme

Weka tripodi kwenye ardhi ngumu. Kwenye udongo laini au nyasi, tia kipande cha tofali au ubao mnene chini ya kila mguu, kanyaga, halafu subiri kidogo kabla ya kulenga chochote. Miguu isirefushwe zaidi ya inavyohitajika, kwa sababu mguu mfupi hautikisiki kirahisi. Trei ya katikati ibanwe mpaka miguu isukumwe nje kwa nguvu. Ikiachwa legelege, tripodi yote inacheza hata kama kila nati imekazwa.

Pimamaji halihitaji kuwa sahihi kabisa. Kinachotakiwa kulenga ncha ya anga ni mhimili, na mhimili unaweza kulengwa hata kama miguu imeinama kidogo. Ila tripodi iliyoinama ina usumbufu wake: ukigusa skrubu ya kushoto na kulia, kimo nacho kinahama, na utazunguka na skrubu hizo mbili nusu saa nzima. Dakika moja ya pimamaji inakuondolea hayo.

Umeme ndio unaosahaulika. Viegemeo vingi vinatumia volti 12. Mota mbili zikienda kasi kwa pamoja zinaweza kuhitaji ampea 2 au 3, na waya mwembamba mrefu unapoteza volti njiani. Dalili ni hii: darubini inakwenda kwenye nyota, katikati ya safari taa inafifia, kisha kiegemeo kinajizima na kuwaka upya kikiwa hakijui kinatazama wapi. Kabla ya kulaumu programu, pima volti kwenye plagi yenyewe wakati mota zinakwenda kasi. Angalia pia ile plagi ndogo ya duara. Ikiwa unaweza kuichezesha kwa kidole na taa ikapepesa, funga waya kwenye mwili wa kiegemeo kwa zip tai, ukiacha kitanzi kidogo, ili uzito wa waya usiivute plagi.

Kusawazisha

Viegemeo hivi vina mihimili miwili. Wa RA unaelekea ncha ya anga na ndio unaozunguka usiku kucha kulifuata anga. Wa Dec unapeleka darubini kaskazini na kusini. Sawazisha Dec kwanza, kwa kusogeza darubini mbele au nyuma kwenye reli yake, kisha RA kwa kusogeza chuma cha uzito. Fanya hivyo kila kitu kikiwa mahali pake: kamera imefungwa, kifuniko kimetolewa, fokasi imewekwa, waya zimening'inia zitakavyoning'inia usiku. Ukisawazisha halafu ukaongeza kamera, umesawazisha kitu kingine.

Kwenye RA, usawa kamili si mzuri. Gia ikiwa haina mzigo wa upande wowote, meno yake yanaelea katikati ya nafasi iliyopo baina yao na darubini inayumba mbele na nyuma. Acha upande wa mashariki uwe mzito kidogo, ili gia iwe inasukuma kila wakati. Kusogeza chuma milimita 5 hadi 10 kunatosha. Kumbuka kwamba darubini ikivuka meridiani, yaani mstari unaotoka kaskazini hadi kusini kupitia utosini, na kugeuzwa, kilichokuwa mashariki kinakuwa magharibi, kwa hiyo chuma kisogezwe tena upande wa pili. Wengi hufanya kazi nzuri nusu ya kwanza ya usiku, kisha wanashangaa kwa nini nusu ya pili imeharibika.

Kulenga ncha

Dira inakupa mwanzo tu. Kaskazini ya dira siyo kaskazini ya kweli, na chuma cha kiegemeo kinaivuta sindano, kwa hiyo pima ukiwa umesimama mita mbili tatu kando, halafu rekebisha kwa tofauti ya mahali ulipo. Kimo cha mhimili ni sawa na latitudo yako.

Kaskazini kuna nyota ya Polaris, iliyo karibu theluthi mbili ya digrii kutoka kwenye ncha yenyewe. Kusini nyota ya karibu ni Sigma Octantis, hafifu sana, inayoshindwa na mwanga kidogo tu wa mji. Na aliye karibu na ikweta haoni ncha yoyote, kwa kuwa zote mbili zimelala kwenye upeo wa macho. Kwake kuna tatizo la pili la chuma na chuma: mhimili wa RA unakuwa umelala, na fimbo ya uzito ikielekea chini inagonga tripodi. Hakikisha kwanza kiegemeo kinakubali kushuka hadi latitudo hiyo, kisha zungusha tripodi ili fimbo ipite kati ya miguu miwili, au weka nguzo fupi ya kuinua juu ya tripodi.

Njia isiyohitaji kuiona ncha ni ya picha tatu. Programu kama N.I.N.A., kwa nyongeza yake ya kazi hiyo, inapiga picha, inazungusha RA, inapiga tena mara mbili, inatambua kila picha ni eneo gani la anga, kisha inakuambia umekosea dakika ngapi za tao (dakika moja ya tao ni sekunde za tao 60) na upande gani. Chagua sehemu iliyo juu. Chini karibu na upeo hewa inapinda mwanga. Pale penyewe kwenye upeo nyota inaonekana kama nusu digrii juu ya mahali ilipo.

Bila programu hiyo, tumia njia ya kale ya kutazama nyota inavyohama. Chagua nyota karibu na ikweta ya anga, yaani duara lililo katikati ya ncha mbili za anga, inayokaribia meridiani. Zima marekebisho ya Dec na utazame dakika tano. Ikihama kuelekea kaskazini au kusini, kosa liko kwenye skrubu za kushoto na kulia. Zungusha kidogo, pima tena: mwendo ukipungua, endelea upande huohuo, ukiongezeka, rudi. Kisha nenda kwenye nyota iliyo mashariki au magharibi, digrii 20 hadi 30 juu ya upeo, na ufanye hivyohivyo kwa skrubu ya kimo.

Usahihi gani unatosha? Kosa la dakika moja ya tao linasababisha nyota kuhama kwenye Dec kwa sekunde za tao zisizozidi 0.26 kila dakika ya saa. Kosa la dakika 10 za tao ni 2.6 kwa dakika, yaani 13 kwa picha ya dakika tano, karibu pikseli 7 kwenye mfano wetu. Fika dakika mbili au tatu za tao kisha uendelee na kazi. Kuitafuta sifuri ni kupoteza usiku.

Skrubu zenyewe zina adabu yake. Za kushoto na kulia zinasukumana, basi legeza moja kabla ya kukaza nyingine. Ya kimo imalizie kwa kuinua, isimalizie kwa kushusha, ili uzito ukae juu ya skrubu. Na baada ya kukaza kila kitu pima tena, kwani kule kukaza peke yake kunaweza kuhamisha mhimili dakika kadhaa za tao.

Kuisoma nyota iliyovutika

Hapa ndipo watu wanapobadilisha mambo manne kwa mpigo na kutojua lipi lilisaidia. Nyota iliyovutika ina mwelekeo, na mwelekeo unataja mhimili wenye kosa. Kabla ya usiku kuanza, zungusha kamera ili upande wake mrefu uwe sambamba na RA. Kuhakiki, fungua kamera sekunde 20, iache nyota itulie sekunde 10, kisha bonyeza kitufe cha RA kwa mwendo wa polepole. Nyota itaacha nukta na mkia. Mkia ukilala sambamba na ukingo wa picha, kuanzia hapo kosa la kulala ni la RA na la kusimama ni la Dec.

Nyota zote zikivutwa upande mmoja wa RA, tazama kama picha nyingine za usiku huohuo ni safi. Picha mbili mbaya, tatu nzuri, mbili mbaya tena: hiyo ni kawaida ya gia. Ndani kuna skrubu ndefu inayozungusha gurudumu la meno, na hakuna skrubu iliyonyooka kabisa. Gurudumu la meno 180 linaipa skrubu mzunguko mmoja kila sekunde 479, karibu dakika nane. Ikiwa nyota inapelekwa na kurudishwa sekunde za tao 30 katika muda huo, basi katikati ya wimbi inakimbia karibu 0.2 kila sekunde, na picha ya sekunde 30 inaharibika kwa pikseli tatu. Penye kilele na bonde inakaribia kusimama, na picha inatoka safi. Ukigundua mpangilio huo unaojirudia, kiegemeo chako hakijaharibika. Kinahitaji kuongozwa kwa kamera ya pili.

Nyota zikichora matao kuzunguka sehemu moja, pembeni matao marefu kuliko katikati, ncha haijalengwa vizuri. Zikivutwa kuelekea pembe za picha kama miale, kiegemeo hakihusiki: ni lenzi au umbali wa kamera kutoka kwenye lenzi.

Kuongoza

Programu ya bure ya PHD2, inayotazama nyota kwa kamera ya pili na kuzitumia mota marekebisho, inatosha kwa wengi. Ipe mafunzo ya kwanza kwenye nyota iliyo karibu na ikweta ya anga na meridiani, Dec isizidi digrii 20. Kwenye Dec ya digrii 60 mwendo wa RA unaonekana nusu tu, na programu inajifunza vibaya. Anza na picha za sekunde 2 za kamera ya kuongozea. Fupi zaidi inakimbiza mtikisiko wa hewa, ambao mota haziwezi kuutibu. Lengo la jumla la RMS, yaani wastani wa kosa la kuongoza, liwe chini ya nusu ya pikseli yako: kwa 1.94, chini ya sekunde 1 ya tao.

Grafu ya programu ikiruka RA na Dec kwa wakati mmoja, ni upepo au mguu wa mtu. Ikiruka kila darubini inapofika pembe fulani, ni waya uliokwama. Zungusha mihimili yote kwa mkono ukiwa na tochi na uutazame waya. Mstari wa Dec ukilala upande mmoja huku programu ikituma marekebisho kumi bila jibu, kisha ukarukia upande wa pili, gia ina plei, yaani nafasi tupu baina ya meno. Kwa mwendo wa nusu ya kasi ya anga, plei ya sekunde za tao 30 inakula sekunde nne za kusukuma kabla ya chochote kusogea. Dawa ya haraka: ruhusu marekebisho ya Dec ya upande mmoja tu, ule unaopinga mwelekeo ambao nyota inahama yenyewe.

Na kama grafu ni nzuri lakini nyota bado zimevutika, linganisha picha ya kwanza na ya mwisho ya saa nzima. Ikiwa anga lote limehama polepole upande mmoja, darubini ndogo inainama peke yake bila kubwa kujua. Kaza pete zake, toa skrubu zenye vichwa vya plastiki, funga fokasi.

Plei ya gia yenyewe iguswe mwisho, mchana, mezani. Funga klachi, shika fimbo ya uzito na uitikise taratibu. Ukisikia kitu kinagonga kwa ndani, plei ni kubwa. Kwa alenki, zungusha skrubu inayosogeza gia sehemu ya nane ya mzunguko, siyo zaidi, kisha zungusha mhimili duara zima kwa mota, ukisikiliza, kwa kuwa gurudumu halina duara kamili na kuna mahali patakapobana kwanza. Mota ikianza kuguna hapo, rudisha nusu ya ulichokaza, na uache nafasi kidogo zaidi kama usiku wako huwa na baridi kali.