Somo: Kipupwe hiki waachie maji moto, wale sisimizi wanaoshona majani, mwembe wako

Miembe yetu ya Pwani huchanua Juni mpaka Agosti, na hapo ndipo wengi hukimbilia bomba la dawa. Mwaka juzi nami nilipuliza shambani kwangu Chanika. Siku ya pili viota vya maji moto vilikuwa vimekauka kama manda ya sambusa iliyoungua. Msimu ule kila embe nililopasua lina funza.

Kipupwe chetu si baridi ya Ulaya inayolaza wadudu. Hapa mwizi, nzi wa matunda anayetuletea funza, yuko kazini, na mlinzi, maji moto, pia.

1. Tafuta viota: majani mabichi yaliyoshonwa kwa utandu mweupe. Hariri hiyo ni ya mabuu wao. Wakubwa huwabana mdomoni na kuwapitisha huku na huku kama sindano. Gonga tawi. Wakitoka mbio matako juu, wazima hao.

2. Unganisha miti kwa kamba ya katani, wajisambaze wenyewe. Ukihamisha kiota kwenye mti wenye kundi jingine, watauana. Isitoshe, kwa kawaida kundi zima lina malkia mmoja. Kiota bila yeye hufifia.

3. Hapa wengi hukosea: usipalilie chini ya mti pakawa peupe kama uwanja wa mpira. Sisimizi wadogo wa kahawia wenye vichwa vikubwa hupenda udongo mtupu, nao ndio huwafukuza maji moto. Acha majani mafupi.

4. Bomba liweke stoo.

MASWALI

Kigamboni: Mwalimu, mbona wanafuga wadudu gamba, majani yanakuwa meusi?

Kweli mama, wanawakamua utamu. Tawi lililozidi likate. Hasara hiyo naibeba kuliko ya nzi wa matunda, hasa yule wa Asia aliyeonekana Afrika Mashariki mwaka 2003. Maji moto wakipita juu ya embe huacha harufu, nzi anasita kutaga.

Mbagala: Kaka, na minazi je?

Tena sana! Humzuia mdudu anayefyonza vidaka mpaka vinapukutika. Kwenye mikorosho humwandama mbu wa mikorosho.

Gongo la Mboto: Shikamoo mzee. Tutavunaje bila kung'atwa?

Marahaba. Alfajiri, ubaridi ukiwa umewapooza, upondo mrefu, majivu mikononi. Bado utang'atwa kidogo. Mimi hushika kikapu. Anayepanda ni kijana wa jirani, ujira wake embe kumi.