SOMO: Kurudi kazini baada ya upasuaji wa kupunguza uzito. Soma lote ndo uulize

Wapendwa, nimejibu hili swali inbox mpaka basi, kila wiki anakuja mtu mpya "dada ulirudi kazini baada ya siku ngapi", kwa hiyo naandika mara moja na atakayeuliza namleta hapa. Mimi ni karani wa mizani kwenye kiwanda cha samaki hapa Mwanza. Nilifanyiwa slivu, ule wa matundu, wanaondoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula unabaki na kamfuko kembamba kama mrija mnene. Sio baipasi, ule wa kutengeneza kamfuko kadogo na kukaunganisha na utumbo, ila wa baipasi mengi yetu yanafanana. Mimi sio daktari, daktari wako akisema tofauti na mimi mfuate yeye.

1. Cheti. Usitoke hospitali bila ED, ile karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara. Bila cheti cha daktari mwajiri halazimiki kukulipa. Kama uliumwa mwaka jana ukapewa siku, zinahesabiwa humo humo.

2. Siku ngapi. Kazi ya kukaa mezani wiki 2 mpaka 4. Kazi ya kubeba na kusimama kutwa, wiki 6 hata 8. Mimi nilirudi siku ya 24, na nilikuwa nasimama, nilikosea.

3. Kubeba. Wiki sita za mwanzo usinyanyue kitu cha zaidi ya kilo 5. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20, na mtoto naye ni mzigo. Matundu ya nje yanapona haraka yanakudanganya, ndani bado, ukilazimisha utapata ngiri.

4. Maji. Hapa ndo nilipoharibu kwa hiyo soma taratibu.

Watu wote wanaogopa kidonda na chakula. Mimi kidonda hakikunisumbua hata siku moja, kilichonilaza ni maji. Zamani ukisahau kunywa maji asubuhi unafika nyumbani unashusha nusu lita kwa mkupuo, umefidia. Sasa hivi hicho kitu hakipo tena, kamfuko hakapokei mkupuo, kwa hiyo saa uliyokosa maji imeshapotea hulipi jioni.

Kiwandani kwetu ndani ya ukumbi wa samaki huruhusiwi kuingia na chupa wala chakula, ni usafi, na ni sawa kabisa. Ila kutoka kunywa maji maana yake uvue koti, uvue gambuti, ukirudi unawe upya na ukanyage lile beseni la dawa. Wiki yangu ya kwanza mzigo wa sangara ulikuwa unaingia mfululizo nikawa najiambia nitakunywa nikitoka. Saa moja asubuhi mpaka saa saba mchana sijaweka kitu mdomoni. Jioni nikataka kufidia, nikanywa nusu glasi haraka, nikasikia kama jiwe limekaa katikati ya kifua, afu nikatapika povu jeupe. Kesho yake hivo hivo. Siku ya tatu asubuhi mkojo ulikuwa rangi ya chai ya rangi na mimi nikapuuza nikaenda kazini, mida ya saa tano nikiwa mbele ya mizani namba zikaanza kucheza, nilikuwa naona 48 afu 43 afu tena 48, nikakaa juu ya kreti lililopinduliwa na sikuweza kuinuka. Wakanipeleka hospitali na bajaji. Nesi alinifinya ngozi ya juu ya mkono ikabaki imesimama vile vile kama kitambaa, akaniangalia tu usoni hakusema kitu. Dripu usiku kucha.

Kosa langu lilikuwa moja, sikumwambia msimamizi wangu. Niliogopa ataona natafuta sababu za kutegea. Nilipomwambia baadae, na barua ya daktari mkononi, alinitoa kwenye mizani akaniweka kwenye meza ya ankara nje ya ukumbi wiki nne, wala hakununa. Ningeomba mapema nisingelala na dripu.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta kale kakikombe ka kupimia dawa ya maji ka mililita 30, kamoja kila robo saa, kwa midomo midogo. Ukifanya hivo masaa 13 umemaliza lita moja na nusu. Weka alamu ya simu, ya mtetemo kama unaona aibu. Omba BARUA ya kazi nyepesi na iandikwe wazi kwamba unahitaji kunywa maji kila baada ya muda mfupi, usiseme kwa mdomo tu. Usinywe pamoja na chakula, ukimaliza kula subiri nusu saa. Soda hapana, gesi inatanua. Mkojo ukiwa mweusi usiende kazini nenda hospitali. Na ukitapika siku mbili tatu mfululizo usikae nyumbani, mwili unaishiwa vitamini B1 na hiyo inagusa mishipa ya fahamu, sio kitu cha kusikilizia.

5. Chakula cha mchana. Beba chako. Mimi nilikuwa na sato wa kuchemsha aliyechambuliwa miba, mtindi, yai. Kula protini kwanza, gramu 60 hivi kwa siku ndo lengo. Ugali wa kazini uache kwanza, unajikusanya unakuwa donge linakwama. Tafuna, dakika 20 mpaka 30. Kikwifu au makamasi yakianza ghafla ujue umejaa, weka kijiko chini hata kama umebakiza tonge moja.

6. Dawa. Vitamini ni za maisha. Chuma na kalisi usinywe pamoja, achanisha masaa mawili. Ukiumwa kichwa kazini mwenzako akakupa diklofenaki au brufeni kataa, zinaleta vidonda kwenye kamfuko, hasa nyie wa baipasi. Panadol inatosha. Wenye sukari na presha dozi zenu zinabadilika haraka mnoo uzito ukishuka, msiendelee na dozi ya zamani bila kupimwa, sukari itakushuka ukiwa kwenye daladala.

7. Maneno ya watu. Huna deni la kumweleza kila mtu. Nilisema "nimefanyiwa upasuaji wa tumbo", basi.

Dalili za kukimbia hospitali hapo hapo: moyo kwenda mbio umekaa tu, homa, maumivu makali ya tumbo au bega la kushoto, kubanwa pumzi, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye kigimbi.

Maswali sasa.

—

fundi_wa_Igogo: Nimepitia haraka haraka dada, kwa hiyo ni siku ngapi?

Mwandishi: Namba 2.

binti_Buzuruga: Asante sana da. Mimi ni mwalimu, darasa lina watoto zaidi ya 90, nafanyiwa mwezi ujao inshallah. Swali langu, kuongea muda mrefu kunakausha mdomo, sasa hicho kikombe nakifanyaje mbele ya watoto, na je kusimama?

Mwandishi: Swali zuri sana mwalimu. Kuongea kunakausha kweli, wewe utahitaji zaidi yangu. Panga kipindi chako hivi, ukishafundisha kidogo wape zoezi waandike, hapo unakaa unakunywa kamoja, ukisahihisha madaftari kamoja. Chupa ndogo iwe mezani tangu siku ya kwanza watoto watazoea. Muombe mwalimu mkuu kabla hujaenda hospitali, sio ukirudi, akupangie vipindi visivyofuatana wiki mbili za mwanzo. Kiti kiwepo karibu na ubao. Na zamu ya mstari asubuhi mpe mwenzako kwanza, kile kijua mnachosimama pale sio cha mchezo. Ukikwama niandikie inbox, wewe nitakujibu.

Simba_wa_Ziwa: Yani maji tu yakakulaza? Uzembe huo dada, maji mtu anakunywaje kwa alamu.

Mwandishi: Nimeandika kwanini jioni hulipi. Rudi kasome namba 4. Uzembe ungekuwa kulificha, mimi nimeliandika ili mwingine asidondoke.

mama_dagaa: Mimi sina bosi, nauza dagaa za jumla Mwaloni Kirumba, magunia nabeba mwenyewe. Hiyo ED nampelekea nani?

Mwandishi: Dada yangu hapo pole, hilo nililisahau kabisa. Wewe hesabu ya upasuaji iwe na pesa ya kijana wa mkokoteni wiki sita, iweke pembeni KABLA, maana ukirudi huna akiba utabeba tu.

mama_dagaa: Nimekuelewa. Mdogo wangu atashika meza mimi nikae kwenye kiti nipokee pesa.

Mwandishi: Hivo hivo. Na kivuli.

Zakayo_tz: Nitumie jina la dawa ya kupunguza tumbo bila kukatwa

Mwandishi: Hapa hakuna dawa.

dereva_Geita: Nilikatwa baipasi, wiki ya 4 sasa. Kazini Geita, kliniki Mwanza. Kuendesha niko sawa?

Mwandishi: Kama bado unameza dawa kali za maumivu, hapana. Kama umeacha, jaribu kwanza gari ikiwa imesimama, kanyaga breki ghafla kwa nguvu zote, tumbo likivuta bado hujafika. Mkanda funga, weka mto mdogo kati yake na tumbo. Ila muulize daktari wako kwanza.

Nyegezi_Stendi: Naongezea kwa wanaosafiri na basi. Zamani pale Kigongo ulikuwa unashuka unapanda kivuko mpaka Busisi, miguu inanyooka kwa lazima. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 basi linapita kilomita 3 dakika chache tu, mtu anakaa kwenye kiti mwanzo mwisho. Mwambie konda mapema ashushe mtu anyooshe miguu, baada ya upasuaji damu inaganda.

Mwandishi: Hii nilikuwa sijaiwaza kabisa, asante kaka. Na ukiwa umekaa chezesha nyayo juu chini.

binti_Buzuruga: Da samahani tena, nywele? Nimesikia zinanyonyoka.

Mwandishi: Zilinyonyoka mwezi wa nne, nikichana naona mkononi. Huwa ni mwezi wa tatu mpaka wa sita hivi, kwa wengi zinarudi. Protini na vitamini usiache, na pima damu wakikupangia. Mimi nilisuka mabutu nikafunga kitambaa, nimerudia kusuka rasta juzi.

Sengerema_boy: Michembe je? Natafunaga nikiwa kazini.

Mwandishi: Miezi ya mwanzo acha. Ni viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa, mikavu, inavimba ikikutana na maji, na ni wanga mtupu wakati nafasi yako ni ndogo. Protini kwanza.

mama_dagaa: Hapo kwenye protini wasaidieni kwa unga wa dagaa, kijiko kwenye uji wa ulezi, mimi nawauzia wenye watoto. Toa vichwa kwanza.

binti_Buzuruga: Nilijaribu nyumbani, uji ukawa na mchanga.

mama_dagaa: Walianikwa chini hao. Omba walioanikwa kwenye chanja. Kabla ya kulipa chukua wachache, wasugue kwenye kiganja afu fungua mkono uangalie kwenye mistari ya kiganja, mchanga unabaki pale.