Somo: Kusawazisha kabureta mbili za SU kwenye MGB

Kwa anayejifunza ufundi nyumbani, katika magari yote ya michezo ya Uingereza hakuna lililo rahisi kama MGB. Liliundwa Abingdon, Oxfordshire, kuanzia 1962 hadi 1980, na yakatoka zaidi ya nusu milioni, ndiyo maana vipuri vyake havijaadimika. Hata bodi tupu mpya bado inauzwa. Injini yake ni ya silinda nne, ujazo wa sisi (cc) 1798. Wazee waliowahi kufungua Morris Oxford au Austin Cambridge wataitambua mara moja, maana ni ukoo ule ule.

Somo hili ni la kabureta za SU aina ya HS4, zile zenye bakuli la petroli pembeni na nati ya jeti (kijibomba kinachopitisha petroli) chini. Matoleo ya baadaye yana HIF4, ambayo bakuli lake liko chini ya kabureta na mchanganyiko hurekebishwa kwa skrubu ya ubavuni. Kanuni ni hizi hizi. Magari yaliyopelekwa Marekani kuanzia 1975 yana kabureta moja ya Stromberg, na hayo hayamo humu.

Kabureta ya SU haina mengi ya kuharibika. Injini ikimisi au ikila mafuta, mafundi wengi hukimbilia bisibisi na kuanza kuzungusha nati za kabureta, kumbe tatizo liko kwenye vali au kwenye moto, yaani mfumo wa cheche. Matokeo yake ni matatizo mawili badala ya moja. Kwa hiyo kabureta hapa inakuja mwisho, na atakayeruka hatua tatu za kwanza asiniulize swali la hatua ya saba.

Inavyofanya kazi

Injini inaponyonya hewa, pistoni iliyo ndani ya kuba hupanda. Chini ya pistoni kuna sindano iliyochongoka, imeingia ndani ya jeti. Pistoni ikipanda, sindano hupanda nayo, nafasi ya petroli kupita inapanuka. Basi. Jeti moja inahudumia sailensa (injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta), mlima na barabara kuu. Ile oili unayoiweka juu ya kuba ni ya dampa: ukikanyaga mafuta kwa ghafla, dampa huizuia pistoni isiruke, hewa inapita kwa kasi juu ya jeti na kuvuta petroli ya ziada kwa muda mfupi. Bila oili hiyo gari linasita kila unapotaka kulipita lori.

Hatua ya 1: Vali, injini ikiwa baridi

Nafasi kati ya vali na roka, ule mkono unaoisukuma, ni inchi 0.015, yaani milimita 0.38. Toa plagi zote, weka gia ya nne, sukuma gari taratibu ili injini izunguke. Tumia kanuni ya tisa: vali ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, pima ya 1, ya 7 ikifunguka, pima ya 2, na kuendelea hivyo, jumla iwe tisa daima. Roka zilizochakaa zina kishimo pale zinapogusa vali, na fila geji (bamba la kupimia nafasi) hupita juu ya kishimo bila kukigusa, kwa hiyo utadhani nafasi ni sawa wakati imezidi. Ukiona hivyo, shafti ya roka inahitaji kufunguliwa. Na usibane vali ili tu injini inyamaze. Vali ya ekzosi hupoa inapokaa kwenye kiti chake. Isipokaa vizuri, inaungua.

Hatua ya 2: Moto

Nafasi ya pointi za distributa: inchi 0.014 hadi 0.016. Ya plagi: inchi 0.025. Shika shafti ya distributa uitikise. Ikicheza, hakuna taimingi (wakati wa cheche kuruka) itakayotulia. Chomoa mpira wa vakyumu upande wa kabureta, unyonye kwa mdomo: bamba la pointi lisogee na libaki pale ukiziba kwa ulimi. Lisiposogea, kiwambo kimepasuka, na gari litakula petroli kwenye mwendo wa kawaida hata ufanye nini. Taimingi yenyewe weka kwa mujibu wa kitabu na namba ya injini yako, kwa sababu ilibadilika toleo hadi toleo. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, na rota huzunguka kinyume cha saa.

Hatua ya 3: Hewa ya wizi

Hapa ndipo kabureta kuukuu zinapoumbuka. Mhimili wa kipepeo, lile bamba linalofungua na kufunga njia ya hewa, hukaa kwenye tundu ambalo huliwa taratibu kwa miaka, na hewa ikaanza kuingilia hapo bila kupita kwenye sindano. Injini ikiwa kwenye sailensa, nyunyiza kidogo sprei ya kusafishia kabureta kwenye ncha za mhimili, kisha kwenye gaskiti za manifoldi. Mlio ukibadilika, umempata mwizi. Mhimili mpya pekee mara nyingi hautoshi, tundu nalo linataka kutoboliwa na kutiwa bushi, na hiyo ni kazi ya mtu mwenye mashine.

Tahadhari, na ninasema hivi kwa uzito: katika injini hii manifoldi ya ekzosi iko upande ule ule wa kabureta, chini yake kabisa. Nyunyiza kidogo sana, mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, na sigara ibaki nyumbani.

Hatua ya 4: Kusafisha

Fungua kabureta moja, uimalize, ndipo uende kwa ya pili. Kuba na pistoni vilipimwa vikiwa jozi kiwandani. Ukivichanganya, pistoni itakwama au itavujisha. Osha kwa petroli na kitambaa laini. Msasa usiusogeze. Ubavu wa pistoni ukae mkavu, tone moja tu la oili jembamba kwenye fimbo yake. Bega la sindano liwe sawasawa na uso wa chini wa pistoni. Ukisharudisha, inua pistoni kwa kidole uiachie: ishuke yenyewe na igonge chini kwa mlio wa wazi. Isipogonga, jeti haiko katikati au kuba lina uchafu.

Tia oili ya dampa mpaka ipite kidogo juu ya ncha ya fimbo yenye tundu, kama milimita 13. Oili ya injini ya 20W-50 inafaa.

Hatua ya 5: Jeti

Nati ya jeti ina bapa sita. Ukiipandisha juu unapunguza petroli, ukiishusha unaongeza. Ipandishe mpaka jeti ilingane na daraja lake (ule uso ambamo jeti hutokea, chini ya pistoni), kisha ishushe mizunguko miwili kamili, yaani bapa 12. Zote mbili sawa. Hapo injini itawaka, na hapo ndipo kazi inapoanzia.

Hatua ya 6: Kulinganisha hewa

Pasha injini moto kabisa, vichujio vya hewa vikiwa vimetolewa. Legeza vibano vya kiungo kinachounganisha mihimili miwili, kila kabureta ijitegemee. Legeza skrubu za sailensa mpaka ziache kugusa, kisha zirudishe ndani mzunguko mmoja kila moja. Chukua mpira mwembamba, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, halafu ya nyuma, mahali pale pale. Rekebisha skrubu mpaka mvumo ufanane. Kuna vipimo vya dukani vya kazi hii, navyo ni vizuri, ila sikio halihitaji kuagizwa kutoka nje. Lenga mizunguko kama 800 kwa dakika.

Hatua ya 7: Mchanganyiko

Geuza nati zote mbili ubapa mmoja mmoja, upande uleule, mpaka injini izunguke kwa kasi kubwa zaidi bila kutetereka, kisha pandisha taratibu mpaka kasi ianze tu kushuka. Sasa pima kila kabureta peke yake. Chini yake kuna pini ya kuinulia pistoni. Iinue kiasi cha milimita moja hivi, isizidi.

Kasi ikipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Ikishuka au injini ikitaka kuzima, petroli ni kidogo. Ikipanda kidogo kwa sekunde kisha ikatulia, ndipo penyewe.

Ukimaliza moja, ya pili itakuwa imebadilika, kwa sababu manifoldi ina bomba linaloziunganisha. Rudi nyuma, rudi mbele, usikasirike. Kisha sikiliza hewa tena, kaza vibano vya kiungo ukihakikisha vipepeo vyote vinaanza kufunguka kwa pamoja, na urudishe vichujio.

Hatua ya 8

Endesha kilomita kadhaa kwa mwendo mzuri, zima, toa plagi. Hudhurungi ya kahawia ni sawa. Nyeusi yenye masizi, punguza. Nyeupe, ongeza haraka.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Mombasa: Shikamoo fundi. Gari langu nimelisawazisha hapa Pwani, likatulia vizuri. Nikipanda nalo Nairobi linatoa moshi mweusi na halivuti. Nimeharibu wapi?

*Marahaba. Hujaharibu kitu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huko ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita. SU hujirekebisha kiasi lakini haimalizi, kwa hiyo petroli inazidi. Pandisha nati ubapa mmoja au miwili, kabureta zote sawa, na ukumbuke kuzirudisha kabla ya kuteremka. Kuendesha Mombasa na petroli pungufu ni hatari zaidi kuliko ule moshi.*

Kutoka Dar es Salaam: Kwenye foleni linazima, nikilingoja dakika ishirini linawaka. Fundi wa mtaani amesema nibadilishe pampu.

*Sikiliza pampu kwanza. Ukifungua swichi inatakiwa kugonga tiki-tiki kisha inyamaze. Ikifanya hivyo, pampu yako ni nzima, pesa ziweke mfukoni. Kumbuka nilichosema kuhusu ekzosi kukaa chini ya kabureta: petroli inachemka ndani ya bakuli. Angalia kama bamba la kuzuia joto lipo, na kama vipande vinene vya kuhami kati ya manifoldi na kabureta havijatupwa na mtu aliyekutangulia. Bamba la zamani likiwa na kitambaa cha asbesto, usilikwangue. Lilowanishe, litoe, weka jipya.*

Kutoka Leicester: Kaka, nataka kung'oa SU nifunge kabureta moja ya Weber 45. Nitapata nguvu kiasi gani?

*Kwa injini ya kawaida, sauti utaipata nyingi kuliko nguvu. Kichwa cha injini hii kina milango miwili tu ya kuingiza kwa silinda nne, na huko ndiko kunakobana. Ukitaka nguvu, anza na kichwa: milango isafishwe, vali zikae vizuri, kisha ekzosi, kisha kamshafti. Hapo Weber itakuwa na kitu cha kulisha. Kwa sasa SU mbili zilizonyooka zinakutosha. Na ukifunga vichujio vya kisasa vya koni, weka midomo iliyopanuka ndani yake kama ile ya kasha la kiwandani, halafu urudie hatua ya 7.*

Kutoka Nakuru: Mwalimu, gari ni la 1965. Naweza kufunga moto wa elektroniki badala ya pointi?

*Unaweza, ila MGB kabla ya mwishoni mwa 1967 kiwandani zilitoka na waya chanya wa betri ukiwa umefungwa kwenye bodi. Pima, usikisie, maana nyingi zimegeuzwa. Kifaa cha hasi ukikifunga kwenye gari la chanya kinakufa papo hapo. Redio nayo vivyo hivyo. Pointi za zamani ziweke kwenye dashibodi. Kifaa kikifa usiku porini utazihitaji.*

Kutoka Tanga: Shikamoo. Petroli isiyo na risasi itaua injini yangu? Kila mtu ananitisha.

*Marahaba. Risasi ilikuwa inakinga viti vya vali za ekzosi, na huku kwetu iliondolewa kwenye petroli mwaka 2006, kwa hiyo kama gari limekuwa likitembea tangu hapo, jibu unalo tayari. Dalili ya kiti kuliwa ni nafasi ya vali ya ekzosi kupungua kila unapopima. Andika vipimo vyako kwenye daftari. Vikibaki palepale, endelea kuendesha. Vikipungua mara kwa mara, kichwa kikifunguliwa mpe fundi atie viti vigumu vya ekzosi; hakuna sababu ya kukifungua mapema kwa ajili hiyo tu.*

Kutoka Nakuru tena: Nimepima. Ni chanya kwenye bodi. Nigeuze?

*Kama una dainamo, inawezekana: geuza waya za betri, uipe dainamo sumaku upya kwa kuigusisha chanya ya betri kwenye kituo chake cha fildi kwa sekunde moja kabla ya kuwasha, na ubadilishane waya mbili ndogo za koili. Betri zako ni mbili za volti 6 nyuma ya viti, kila moja na kikasha chake, kwa hiyo usisahau waya unaoziunganisha. Ukiwa huko chini, chokoa vikasha vyenyewe kwa bisibisi. Huwa vimeoza.*