Somo: Mtoko wa Jumamosi jijini Dar es Salaam, unaoanzia Feri saa 12 asubuhi

Mimi na mume wangu tulipokuwa wachumba, mtoko wetu ulikuwa mmoja tu: hoteli, chipsi kuku, picha, kila mtu na simu yake, kurudi nyumbani. Mwaka ukaisha. Siku moja nikagundua simjui akiwa na haraka, wala akiwa anapatana bei, wala akijifunza kitu asichokiweza. Tangu hapo tunatoka kwenda kufanya jambo pamoja. Huu ndio mtoko ninaoupenda kuliko yote.

Hatua ya 1. Pangeni bajeti usiku wa kuamkia siku hiyo. Pesa ashike mmoja, bei apatane mwingine.

Hatua ya 2. Saa 12 asubuhi muwe Soko la Samaki Feri. Basi la mwendokasi la Kivukoni linawashusha jirani. Vaeni viatu visivyoogopa maji, maana sakafu yote ni maji na magamba. Dalali anamwaga samaki mezani, anataja bei, watu wanapandisha. Ukizubaa, samaki aina ya changu wameshakwenda. Msikimbilie kununua. Sikilizeni kwanza minada miwili mitatu mjue bei inavyotembea, halafu mchague kwenye meza za rejareja. Mwachie mwenzako akague: afunue mashavu aone wekundu, abonyeze nyama aone kama inarudi.

Mume wangu ni mtu wa Singida. Siku ya kwanza aliguswa na mkono wa pweza akaruka nyuma. Mzee mmoja muuza pweza akamwita, akamwonyesha taratibu namna ya kumshika. Akarudia mara tatu mpaka akaweza. Nilimpenda upya pale pale, mikono yake ikinuka bahari.

Samaki wapelekeni kwa wanaopara, kisha kwa wakaangaji, humo humo sokoni.

Hatua ya 3. Pandeni kivuko kwenda Kigamboni na samaki wenu wa moto. Geukieni mjini muutazame mnara wa Kanisa la Azania Front ukibaki nyuma. Ng'ambo kunyweni chai, mrudi.

Hatua ya 4. Jua likikaza nendeni Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga. Mtindo huu ulianzishwa na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, na wanafunzi wake wakauendeleza. Wengi hununua picha wakaondoka. Ninyi ombeni kufundishwa, na bei ipatanwe kabla ya kushika brashi. Kibao kimoja, watu wawili: mmoja apake rangi ya chini, mwingine amalizie madoa ya chui. Rangi ya mafuta haikauki upesi, itabidi mngoje. Sisi mazungumzo yetu mazito, hata ya mahari, tuliyafanya tukingoja rangi ikauke.

Hatua ya 5. Jioni Coco Beach, mihogo ya kukaanga na pilipili.

Maswali ya wanachama

*Dada, mchumba wangu hawezi kabisa harufu ya samaki. Nifanyeje?*
Usimlazimishe, kaka yangu. Anzeni Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo. Kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali. Kila mmoja amsimulie mwenzake aliyoyasikia kwa bibi yake kuhusu maisha ya nyumba kama zile.

*Sisi ni wanandoa wa miaka 9, watoto wawili. Mitoko si ya vijana?*
Ninyi ndio mnaihitaji zaidi, mpendwa. Waachieni watoto shangazi yao siku moja, mpande treni ya umeme hadi Morogoro, safari zilizoanza 2024. Asubuhi kwenda, jioni kurudi. Na habari za ada za shule msiziguse humo ndani.

*Vipi visiwani?*
Mbudya panafaa sana, boti zinapatikana Kunduchi. Pale ni hifadhi ya bahari, kwa hiyo makombe na matumbawe yaacheni yalipo. Saa ya kurudi mkubaliane na mwenye boti kabla hamjashuka, na namba yake muwe nayo wote wawili.

*Na masika je?*
Mvua ikinyesha asubuhi, Feri ahirisheni. Ingieni Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Kuna mengi ya kutazama chini ya paa. Ikikatika, bustani ya mimea iko karibu, mtembee kwa miguu. Bebeni mwavuli mmoja mkubwa.