Jinsi ya Kukagua Peugeot 404 Kabla ya Kuinunua Dodoma

Peugeot 404, gari la familia lililoanza kuuzwa Ufaransa mwaka 1960 likiwa na umbo lililochorwa na Pininfarina wa Italia, lilijijengea jina Afrika Mashariki kwa kushinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania. Hata hivyo, linalonivutia zaidi ni kwamba mitambo yake inafunguka na kutengenezeka. Kwa sababu hiyo, ukaguzi uanze na kile kinachosumbua kutengeneza, yaani bodi.

Gari hili halina chesisi ya kujitegemea, hivyo bati lililooza sakafuni au kwenye kingo za chini ya milango hudhoofisha gari zima. Inua mazulia, gongagonga, na ulale chini utazame. Ukavu wa Dodoma ni neema hapa: gari lililokaa miaka mingi Manyoni au Kondoa huwa limepauka rangi huku bati likiwa bado zima, ilhali lililotoka Tanga au Dar es Salaam, hata liking'aa, huenda limeliwa na chumvi ya bahari chini ya rangi mpya. Mimi ningechukua lililopauka bila kusita.

Injini ya sentimita za ujazo 1618, iliyolazwa upande kwa nyuzi 45, ina silivu, yaani mirija ambamo pistoni hutembea, zinazozungukwa na maji na zinazoweza kutolewa na kubadilishwa. Uchakavu wake basi ni hoja ya kupunguza bei, si ya kulikataa gari. Kinachotakiwa kuogopwa ni kuchemsha, kwa kuwa hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, ni ya alumini na hupinda. Feni yake hunaswa na sumaku ya umeme pale tu maji yanapopata joto, kwa hiyo liache gari likiunguruma juani saa saba mchana mpaka uone feni inaanza kuzunguka kwa nguvu.

Difu, yaani gia ya nyuma inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, ndiyo sehemu ya kukaguliwa kwa subira kuliko zote. Badala ya meno ya kawaida, ina skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi, na baadhi ya oili za difu za siku hizi zina viambato vinavyoila shaba hiyo. Muulize mwenye gari alikuwa akiweka oili gani, kisha chota kidogo ukiangalie mwangani. Vumbi la rangi ya dhahabu ni dalili kwamba gurudumu linasagika. Endesha kwenye mlima, ukanyage mafuta na kuachia, huku ukisikiliza mlio wa nyuma.

Linganisha namba za kadi na zilizo kwenye gari. Ukishalinunua, badilisha mipira yote ya maji na ya breki kabla ya safari ndefu, maana jua la huku huikausha hata gari likiwa limeegeshwa tu.