Kucheza huku unachora jukwaani: anza na sakafu

Wengi wakitaka kuchanganya dansi na uchoraji laivu wanaanza kuwaza muziki na mavazi, mi nasema anza na sakafu, maana rangi mbichi chini ya unyayo inateleza balaa na mchezaji akishaogopa kuanguka mwili unakakamaa, dansi imekufa hapo hapo. Mchoraji Kazuo Shiraga wa Japani, yule wa kundi la wasanii la Gutai miaka ya 1950, alikuwa anashika kamba iliyofungwa darini anachora kwa miguu, ile kamba ndo ilimpa uhuru wa kuteleza anavyotaka.

We huna kamba, basi tafuta kitambaa cha marekani kizito, kipake rangi nyeupe ya maji kikauke kabisa, tandika nailoni chini kulinda sakafu afu kitambaa juu, pande zote nne bana kwa solotepu pana, usiache hata kona moja. Rangi iwe nzito na kidogo kidogo. Na zile rangi za mafuta wanazotumia wachoraji wa Tingatinga usiziguse kwa kazi hii, kwenye ubao zinapendeza sana lakini kwenye ngozi hazitoki mpaka mafuta ya taa, tumia za maji zilizoandikwa ni salama kwa watoto. Kama ndo mara ya kwanza chukua mkaa tu, kipande kila mkono, lala chini zungusha mikono uone inavyoacha tao, na mkaa hautelezi.

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote: chagua ngoma kwa alama inayoacha. Mdundiko watu wanatembea, kwa hiyo utapata njia ndefu inayokatiza kitambaa kizima, ila sindimba kazi iko kiunoni na miguu haiendi mbali, rangi inarundikana sehemu moja inakuwa nene, unaweza kucheza zote mbili kwenye kitambaa kimoja na picha ikawa na safari na kituo. Mdundo ukibadilika ndo na rangi ibadilike, mpigangoma lazima ajue hilo mapema. Rangi tatu zinatosha, anza na iliyopauka malizia na iliyokolea, ukimwaga zote pamoja unapata tope.

Mazoezi usimalize rangi bure, tandaza karatasi za kaki, lowesha miguu kwa maji ucheze, nyayo zinaonekana vizuri tu afu zinakauka unarudia tena, fanya hivo hata mara ishirini mpaka ujue kila unapogeuka kunabaki nini.

Siku yenyewe weka ndoo ya maji na taulo pembeni, watu wa mbele wakae mita mbili hivi nyuma. Upande mmoja wa kitambaa uwe umeshafungwa kwenye ubao mrefu, ngoma ikinyamaza tu wasaidizi wawili wabandue solotepu wakiinue ikiwa bado mbichi, ile michirizi inayoshuka taratibu waache watu waitazame kimya.