Kamanda wa Kombania: Lipi Ushike, Lipi Uwaachie Platuni

Kombania ya platuni 3, askari kama 120, haiongozeki kwa redio hatua kwa hatua. Wala haifai kila luteni, yaani kamanda wa platuni, apigane vita vyake. Mgawanyo wa madaraka hupangwa upya kwa kila kazi, jambo kwa jambo.

Anza na muda, maana ndio wa kwanza kuliwa. Kanuni ya majeshi mengi ni theluthi moja kwako, theluthi mbili kwa walio chini yako. Ukipokea amri saa 6 mchana na kuondoka ni saa 12 jioni, amri yako iwe imetoka saa 8. Kamanda anayeinamia ramani hadi saa 11 amewanyima platuni nafasi ya kukagua njia, kugawa risasi na kufanya mazoezi. Hata akisema "amueni wenyewe", amechelewa.

Kisha toa kazi pamoja na sababu yake: "Platuni ya 2 ishike daraja kabla ya saa 11 alfajiri, ili Platuni ya 1 na ya 3 zivuke bila kushambuliwa." Luteni akikuta daraja limevunjwa na redio haisikiki, sababu hiyo itamwambia atafute kivuko kingine akilinde, badala ya kulinda nguzo tupu. Mtake aeleze mpango kwa maneno yake mwenyewe juu ya ramani. Akikariri maneno yako, bado hujajua kama ameelewa.

Shika mwenyewe mota (mizinga midogo ya kurusha makombora juu), askari wa akiba, usafiri wa majeruhi na mipaka baina ya platuni. Hivi ni vichache, na kosa moja hapo huwagusa wote. Mpaka ufuate kitu kinachotambulika usiku, kama mto au reli, usikate kijiji katikati. Ukifuata barabara, taja barabara yenyewe ni ya nani. Hakuna kufyatua risasi kuvuka mpaka bila jirani kukubali. Ni kwenye mshono huo wenzenu huuana.

Njia, mpangilio wa mwendo, mahali pa kuweka bunduki ya rashasha: waachie.

Redioni, taja yale tu ya lazima kuripotiwa: kukutana na adui, kufika mstari uliopangwa, majeruhi, risasi kubaki nusu. Ukiuliza "mko wapi?" kila dakika 5 unaziba chaneli wanayohitaji kuombea mota. Weka pia amri ya mawasiliano kukatika, kwa mfano: zikipita dakika 30, songeni hadi mstari wa kikomo, yaani mstari usiovukwa bila amri, simameni, tumeni tarishi.

Kikomo hicho si cha hiari. Tarehe 6 Agosti 1870 huko Spicheren, katika vita vya Prussia na Ufaransa, Jenerali von Kameke wa Prussia alishambulia vilima bila amri ya juu, akidhani Wafaransa wanaondoka. Wenzake walikimbilia kumsaidia na wakashinda, lakini kwa hasara ya watu zaidi ya 4,000, katika pigano ambalo Moltke, mkuu wa majeshi ya Prussia, hakulipanga.

Luteni mgeni mpe kamba fupi, umwongezee kadiri anavyoonyesha uamuzi mzuri. Kwa kuvuka mto, kupita katikati ya kikosi kingine au kurudi nyuma usiku, rudisha udhibiti wote kwako, hata kwa maofisa wazoefu. Mkishapita, waachie tena kwa neno la siri moja, ambalo kila kamanda wa seksheni, kikundi kidogo ndani ya platuni, amelijua kabla ya kuondoka.